LENZI YA MTUMBA ISIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Katika ukanda huu wetu wa Shinyanga na Geita hakuna mtu anayenunua dhahabu kwa kuonyeshwa picha yake. Mnunuzi hutaka kuishika na kuipima. Machi 2019 Serikali ilifungua soko la madini mjini Geita ili muuzaji na mnunuzi wakutane hadharani mbele ya mizani. Kule Mwadui, ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940, jiwe halipangiwi bei kabla ya kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. La kushangaza ni kwamba sisi hao hao hutuma fedha kwa simu kununua lenzi ya kamera tuliyoiona mtandaoni tu.

Kununua lenzi iliyotumika si kosa. Lenzi mpya ni ghali, na iliyotunzwa vizuri hudumu kuliko kamera yenyewe. Lakini lenzi huugua kwa ndani. Unyevu wa pwani huotesha fangasi kwenye vioo, mithili ya utando wa buibui. Vumbi letu la kanda ya ziwa hupenya hadi kwenye mota. Ikianguka, kioo kimoja huhama mahali pake. Hayo yote hayaonekani katika picha ya tangazo.

Mwaka jana niliagiza lenzi ya namna hiyo kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya picha za habari. Tangazo lilisema "safi, haina tatizo". Kifurushi kilipofika kwa basi, nilikifungua huku mwenzangu akirekodi kwa simu. Nilimulika lenzi kwa tochi. Vioo vilikuwa safi. Kisha nikabandika kurasa za gazeti ukutani, nikaiweka kamera juu ya meza, nikafungua tundu la mwanga lote na kupiga. Herufi za kushoto zilisomeka, za kulia zilikuwa ukungu mtupu. Nikaigeuza kamera juu chini, ukungu ukahamia upande wa pili wa ukuta. Nikafunga lenzi nyingine, pande zote zikasomeka. Hapo hapakuwa na ubishi: ugonjwa ulikuwa wa lenzi.

Muuzaji alijibu, "Kaka, mtumba hauna garantii."

Ndugu wasikilizaji, kauli hiyo ndiyo ninayotaka tuikatae. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Haisemi kwamba mtumba hauhusiki. Mtu akiandika "haina tatizo", maneno hayo si pambo la tangazo; ni sehemu ya mapatano. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe kwa jina na anwani.

Sikumtukana. Siku ile ile nilimtumia tangazo lake mwenyewe, picha za ukutani na ile video, nikampa siku saba. Siku ya tano alimtuma ndugu yake aliyeko Shinyanga mjini, tukabadilishana lenzi kwa fedha, mkono kwa mkono. Angekataa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha yatokanayo na mikataba. Na mwenye kudanganya tangu mwanzo ili ajipatie fedha, huyo ni wa polisi.

Kwa hiyo, kabla hujatuma hata shilingi, mtake muuzaji akupe jina lake kamili, namba iliyochongwa kwenye lenzi, na picha ya ukuta aliyoipiga siku hiyo kwa lenzi hiyo hiyo. Mtake aandike hali yake kwa maneno yake. Mwaminifu hatakasirika. Anayekuharakisha kwa kusema wateja ni wengi, mwachie hao wateja.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wa Kahama, Katoro na Geita wanaoishi kwa kupiga picha za harusi na mahafali. Lenzi mbovu humpotezea kijana mtaji, kisha jina. Mteja hatajua kwamba kosa ni la muuzaji aliye mbali. Atamlaumu aliyeshika kamera. Na bibi harusi hawezi kuolewa upya ili picha zirudiwe.