Makofi Hayajazi Sufuria
Neno la Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 50





Historia ya kwaya mtaisikia leo kutoka kwa wazee wenyewe, na wao wanaijua kuliko sisi. Kamati imeomba dakika chache tuzungumzie jambo ambalo siku za sherehe huwa halipati nafasi. Mtu anayetutungia nyimbo anaishi vipi kati ya sikukuu moja na nyingine?

Sisi wanakwaya tuna mwaka wetu. Majilio tunafanya mazoezi hadi usiku. Krismasi kanisa linajaa mpaka watu wanasimama nje. Kwaresima tunapunguza vyombo, Pasaka ngoma na kayamba zinarudi, halafu unaingia ule muda mrefu wa kipindi cha kawaida, ambapo sauti ya tatu inaweza kufika mazoezini ikiwa na watu wawili. Mtunzi naye ana misimu yake, lakini haifuatani na yetu. Wimbo wa Krismasi hautungwi Krismasi. Unatungwa Agosti au Septemba, wakati hakuna anayemuuliza mtunzi habari za wimbo, na karo ya muhula wa tatu inamkodolea macho. Desemba wimbo ukiimbwa, kina mama wanapiga vigelegele nasi tunapiga makofi. Kisha inakuja Januari, ile ambayo vijana wanaiita Njaanuari, na makofi hayajazi sufuria.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tumechagua kuwasimulia habari za mtunzi mmoja wa zamani. Hamumfahamu kwa sura, lakini kazi yake mnaijua. Ni yeye aliyetunga ule wimbo wa "Haleluya" ambao kwaya nyingi hapa Kenya huuimba Krismasi na Pasaka. Jina lake ni George Frideric Handel. Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akaenda kufanya kazi London na kuishi huko mpaka kufa.

Handel alikuwa na posho kutoka kwa familia ya kifalme ya Uingereza, lakini maonyesho yake ya opera aliyaendesha kwa miaka kadhaa kwa kuhatarisha pesa zake mwenyewe. Waimbaji walidai mishahara mikubwa, na ukumbi ulihitaji kulipiwa. Watu wakija, alipata. Wasipokuja, hasara ilikuwa yake. Mwaka 1737 aliugua, mkono wake wa kulia ukapooza, akalazimika kwenda kutibiwa. Mwanzoni mwa mwaka 1741 alionyesha opera yake ya mwisho, nayo ikaonyeshwa mara tatu tu. Watu wa London walikuwa wamechoka na aina ile ya muziki. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 56.

Mwaka huohuo, wakati ambapo kumbi za London zilikuwa zimefungwa, Handel aliketi nyumbani kwake na maneno aliyopangiwa na rafiki yake Charles Jennens kutoka katika Maandiko. Alianza Agosti 22, akamaliza Septemba 14. Katika siku 24 alikuwa ameandika kazi nzima inayoitwa "Messiah", ambayo "Haleluya" ni sehemu yake. Wengi husimulia zile siku 24 kama muujiza, na ni za kushangaza kweli. Lakini sisi tunawaomba mtazame kilichofuata, kwa sababu karatasi za nota zilizolala ndani ya sanduku hazimwimbii mtu.

Mnamo Novemba mwaka ule Handel alivuka bahari kwenda Dublin, Ireland, kwa mwaliko wa gavana wa huko. Dublin haikumwambia aimbe kwanza ndipo ifikirie cha kumpa. Watu walilipia mapema. Walijiandikisha kwa mfululizo wa maonyesho sita kabla ya kusikia hata nota moja, na mfululizo huo ulipokwisha wakajiandikisha kwa mwingine wa maonyesho sita. Kwa lugha yetu tungesema walimchangia kama wanachama wa chama wanavyochanga: kila mmoja analeta sehemu yake leo ili kazi ya kesho iwezekane. Handel alimaliza baridi yote ya mwaka ule akifanya kazi bila kuhofia ukumbi mtupu.

Jambo la pili lilikuwa waimbaji. Handel hakuwa na kwaya yake Dublin. Alihitaji wanakwaya wa makanisa makuu mawili ya mji, St Patrick na Christ Church. Mkuu wa St Patrick, mwandishi Jonathan Swift, alikuwa mzee na mgonjwa, na mwanzoni alikataa katakata waimbaji wake kwenda kuimba katika ukumbi wa muziki. Baadaye waliruhusiwa. Viongozi wa kwaya mliopo hapa mnajua safari za aina hiyo, za kubisha ofisini mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Hatimaye, Aprili 13 mwaka 1742, Jumanne ya Juma Kuu, "Messiah" iliimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu, katika ukumbi wa Fishamble Street. Nafasi ilikuwa finyu. Tangazo liliwaomba kina mama wasivae zile gauni pana za kuwekewa matao, na wanaume waje bila panga zao kiunoni, ili watu wengi zaidi waenee. Walifika kama 700. Zilipatikana pauni 400 hivi, na fedha hizo ziligawiwa sehemu tatu: hospitali mbili za wagonjwa maskini, na wafungwa waliokuwa gerezani kwa sababu ya madeni.

Ndugu zetu, hapo ndipo tunapoomba mtulie kidogo. Siku zile mtu aliyeshindwa kulipa deni alifungwa. Akiwa ndani hawezi kufanya kazi, na asipofanya kazi hawezi kulipa, na ada za gereza zilikuwa zikimwongezea mzigo. Familia yake ilibaki nje ikihangaika. Kwa fungu lile la fedha, wafungwa 142 walilipiwa madeni yao na kuachiliwa.

Leo tunaadhimisha miaka 50. Katika Kitabu cha Walawi, mwaka wa 50 ndio mwaka wa jubilei: baragumu inapigwa, aliyepoteza shamba analirudia, na aliyejiuza kwa sababu ya umaskini anarudi kwa watu wake. Kwa hiyo watu wa Dublin walifanya jubilei hata kama hawakuiita jina hilo. Jamii ilimshika mkono mtunzi katika msimu wake mkavu, naye kazi yake ikarudi kuishika mkono jamii hiyohiyo.

Na hakukoma hapo. Kuanzia mwaka 1750 "Messiah" iliimbwa kila mwaka katika kanisa la Foundling Hospital, makao ya London yaliyolea watoto wachanga waliotelekezwa. Handel alipofariki Aprili 14, 1759, akiwa amekwisha kupoteza macho, wosia wake uliyaachia makao hayo nakala kamili ya nota za kazi ile.

Hata hapa kwetu, tukisimama kuimba wimbo wa taifa tunaimba muziki wenye mizizi katika wimbo wa kubembeleza watoto wa ndugu zetu Wapokomo wa Mto Tana. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano iliuandaa wimbo wa taifa kutokana na wimbo huo. Wanamuziki hao wasingekuwa na cha kuandalia kama kina mama wa Tana wasingekuwa wameuimba, mtoto baada ya mtoto. Wimbo una mtunzi, na una watu walioubeba. Wote wanastahili kutajwa.

Sasa turudi nyumbani. Kwaya hii ina watunzi wake, na baadhi yao wameketi kati yenu. Hatutawataja majina kwa sababu hawakututuma. Mmoja ni fundi wa ujenzi. Anatunga usiku baada ya kushuka kwenye mjengo, anajirekodi sauti zote nne kwa simu, moja baada ya nyingine, na pesa za kutoa kopi za nota zinatoka katika ujira wa siku. Mwingine ameiweka kalamu chini tangu mwaka jana. Tulipomwendea alituambia hana ugomvi na mtu yeyote, ila watoto wanahitaji kula. Nyimbo zake mtaziimba leo katika Misa hii, na wageni wetu watakwenda nazo makwao.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo matatu mbele ya kwaya na waumini.

La kwanza halihitaji shilingi. Kila karatasi ya nota inayotoka kwetu iwe na jina la mtunzi, na anayesoma matangazo alitaje. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Hiyo ni miaka sawa na umri wa kwaya yetu.

La pili, tuanzishe mfuko mdogo wa watunzi, na utoe malipo kabla ya msimu. Mtunzi wa nyimbo za Krismasi apate chake Agosti, na wa Pasaka apate chake Januari, wakati ambapo mia mbili ina uzito wa elfu. Tunapendekeza kila mwanakwaya atoe shilingi 50 kwa mwezi, na kila jumuiya itoe kadiri itakavyoona. Mweka hazina ataweka hesabu ubaoni, kila mtu aisome.

La tatu, kila mwaka onyesho moja tutakalofanya kwa nyimbo zetu wenyewe liwe kwa ajili ya wahitaji wa parokia hii: anayedaiwa hospitalini, au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Tusidai jamii ituchangie kisha tukafunga mlango.

Uamuzi utatolewa na mkutano mkuu wa kwaya. Lakini baada ya Misa mtaona vikapu viwili pale mlangoni. Kimoja ni cha kinanda kipya, kama mlivyotangaziwa. Cha pili, kile kidogo chenye kitambaa cheupe, ni cha watunzi. Yeyote atakayetia chochote humo atakuwa amelipia wimbo ambao bado hajausikia, kama walivyofanya watu wa Dublin.

 Watunzi wetu, tunawaomba kalamu zisilale. Na ndugu waumini, mmetusikiliza kwa miaka 50, hata siku zile sauti zilipogoma. 

Katibu, kwa niaba ya kamati na wanakwaya wote