Mwezi wa kufuma umeisha, kazi ibaki
Hotuba kwa familia zilizokimbia makwao na viongozi, Kisangani



Hapa Kongo mwezi wa tatu ni mwezi wa wamama. Tarehe 8 tunavaa vitenge na kucheza, na kesho yake kila mtu anarudi kwenye shida zake. Mwaka huu tulitaka mwezi mzima uwe wa kazi: kufuma nguo za watoto wachanga, na kuwaunga mkono mafundi washonaji wa Kisangani wanaobuni mishono yao wenyewe.

Wengine walitucheka: nani anafuma sufu kwenye joto hili? Lakini mama aliyezaa anajua. Mtoto mchanga anapoteza joto upesi, hasa kichwani, na usiku wa mvua chini ya turubai kofia na soksi zinamkinga. Sindano nazo tulizipata kwa vijana wa toleka: njiti za magurudumu ya baisikeli, tukazinoa juu ya jiwe.

Tuseme ukweli. Siku ya kwanza mlikaa pande mbili. Tangu mwezi wa pili wa 2023 ugomvi wa ardhi kule Lubunga umewatenganisha Wambole na Walengola. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na wengi wenu mlikimbia na nguo ya mwilini tu. Hatukumlazimisha mtu kuhama kiti. Lakini aliyejua kugeuza kisigino cha soksi alikuwa mama mmoja tu. Wiki ya pili mama wa upande wa pili alisimama nyuma yake muda mrefu, akitazama mikono. Mwisho akaambiwa: "Kaa, mama." Walizungumza juu ya vitanzi vya uzi, basi. Siku zilizofuata viti vingine vilianza kusogea.

Mafundi washonaji nao wana kilio chao. Wazee wanakumbuka SOTEXKI, kiwanda cha vitenge cha hapa mjini, na kazi kiliyowapa watu. Leo fundi anashindana na mitumba, na sisi mashirika tumemwongezea mzigo. Kila tunapoleta marobota ya nguo za bure, yeye anakosa wateja. Kwa hiyo safari hii tulinunua vitambaa sokoni hapa Kisangani, mafundi wakabuni magauni ya watoto, na wamama wakafuma kola zake. Kila kipande kililipwa mbele ya wote, kwa bei moja, bila kuuliza kabila.

Sasa tuna maombi matatu.

Kwa viongozi: shule zitafunguliwa mwezi wa tisa, na watoto watahitaji sare za buluu na nyeupe. Wapeni mafundi wa mitaa kazi hiyo mapema, pamoja na mafundi waliokimbia makwao. Wana mikono, hawana wateja. Na mtuachie paa hili ili wamama waendelee kukutana.

Kwa familia: kila aliyejifunza amfundishe mwingine, na amchague mtu asiye wa nyumbani kwake.

Kwa sisi mashirika: kabla ya kuagiza robota, tumwulize kwanza fundi wa hapa kama anaweza kushona.

Hatutawadanganya. Kofia ya mtoto hairudishi shamba wala marehemu. Suala la ardhi linadai haki, na serikali, machifu na ninyi wenyewe mtapaswa kulimaliza. Lakini siku mtakapoitwa kuzungumza, baadhi yenu mtamkuta ng'ambo ya meza mtu mnayemjua kwa jina, aliyewahi kuwashikia uzi.