Patografu Iliyojaa, Leba Yenye Mkunga Mmoja: Uamuzi wa Kitaalamu, Maadili na Usalama
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wauguzi na wakunga, Chang'ombe, Dodoma



1. Utangulizi

Maana za maneno matatu ya mada tuliyopewa tunazifahamu. Uamuzi wa kitaalamu ni kupima, kupambanua na kutenda kwa wakati. Maadili ni yale tuliyoapa, na ambayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inatudai. Usalama ni mgonjwa kutodhurika na huduma aliyoifuata. Sitakaa hapo. Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja linaloyagusa yote matatu: patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, inayojazwa mama akiwa ameshajifungua.

2. Tatizo

Patografu haikubuniwa iwe kumbukumbu ya faili. Watafiti Philpott na Castle walipochora kwenye chati hiyo mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, mwaka 1972 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walikuwa wakimpa mkunga wa kliniki ya pembezoni kigezo cha kuamua lini ampe mama rufaa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliohusisha wanawake zaidi ya 35,000 kusini mashariki mwa Asia, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa uchungu wa zaidi ya saa 18 ulipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4 patografu ilipotumika. Faida hiyo hupatikana alama inapowekwa pale pale baada ya kupima. Alama zinazowekwa saa 12 asubuhi kwa uchungu ulioisha saa 9 usiku haziwezi kumwamsha daktari.

Hata hivyo, tafiti za hapa nchini na za nchi jirani zimeonyesha mara kwa mara patografu zilizojazwa nusu au zilizojazwa baadaye. Tumezoea kuuita huo uzembe na kuutibu kwa mafunzo rejea. Lakini tupige hesabu. Kiwango kinataka kila nusu saa mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe na uchungu uhesabiwe, na uchungu huhesabiwa kwa dakika 10. Hata mapigo yakisikilizwa ndani ya dakika hizo hizo, wajawazito watatu wanaimaliza nusu saa yote. Hapo mkunga hajapokea mtoto, hajampima presha aliyejifungua, hajaandika neno. Akiingia wa nne, kiwango kimeshamshinda kabla hajakosea lolote. Kinachobaki ni kuchagua nani asubiri, na huo ndio uamuzi mzito kuliko yote katika zamu. Lakini fomu haina mahali pa kuuandika. Msimamizi akija anahesabu visanduku. Ufuatiliaji wa vifo vitokanavyo na uzazi umejengwa juu ya msingi wa kutotaja jina wala kulaumu, lakini faili lenye pengo laweza kuishia kwenye barua ya kujieleza. Mkunga hujifunza upesi kwamba pengo la kweli linamponza na namba ya kubuni inamlinda.

Madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Mapigo 140 yaliyobuniwa yanampotosha anayepokea zamu, yanampotosha daktari anayeamua upasuaji, na rufaa ikifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, wapokeaji wanaanza na taarifa isiyo kweli. Zaidi ya hapo, yanampotosha anayepanga ikama: chati iliyojaa ni ushahidi kwamba mkunga mmoja anatosha. Upungufu tunaoulalamikia kila bajeti tunauficha kwa kalamu zetu wenyewe.

3. Hoja pinzani

Wapo watakaosema kwamba kukubali pengo ni kuhalalisha uvivu. Naona kinyume chake. Pengo lenye saa na sababu linakaguliwa. Namba ya kubuni haikaguliki, na mvivu hujificha vizuri zaidi nyuma ya chati iliyojaa. Wengine watahofia kushusha kiwango. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mwongozo mfupi wa leba uliandaliwa pamoja na watoa huduma wenyewe, kwa kuzingatia idadi na mazingira yao, ukafuatiwa na mafunzo. Baada yake watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Mwongozo pekee hauwezi kubeba sifa yote, lakini kulinganisha kazi na mikono iliyopo hakukuua huduma. Wapo pia wanaotegemea mifumo ya kielektroniki. Kompyuta hurekodi saa ya kuandika, haijui saa ya kusikiliza. Nisieleweke vibaya: kubuni kipimo ni kosa la kimaadili, hata chini ya shinikizo. Ninachopinga ni utaratibu unaomwadhibu asemaye kweli na kumpongeza aliyebuni.

4. Mapendekezo

Kwa kuheshimu miongozo ya Wizara na mamlaka ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, napendekeza:

(i) Kipimo kisichofanyika kiandikwe "hakikufanyika", pamoja na saa na sababu.
(ii) Ingizo la baadaye liruhusiwe, mradi lioneshe saa liliyoandikwa.
(iii) Kila zamu iandike idadi ya wajawazito walio kwenye uchungu na idadi ya wakunga.
(iv) Kila kituo kikubaliane mapema nani atangulie kupimwa wajawazito wakizidi uwezo, na nani aitwe kusaidia.
(v) Kupokezana zamu kufanyike kando ya kitanda, na mapengo yatajwe wazi.
(vi) Wasimamizi waache kuhesabu visanduku. Waulize hatua gani ilichukuliwa mstari wa tahadhari ulipovukwa.
(vii) Vikao vya kujadili vifo vitenganishwe na hatua za nidhamu, na pengo lililoandikwa kwa ukweli lisiwe msingi wa barua ya kujieleza.
(viii) Mapengo yajumlishwe kila robo mwaka na kuambatishwa kwenye maombi ya ikama.
(ix) Mafunzo rejea yaendelee, ila yasitumike badala ya (iii), (iv) na (viii).

Mapendekezo ya kwanza na ya saba hayahitaji fedha. Yanahitaji sahihi ya mganga mfawidhi na muuguzi mfawidhi, ambao wengi wao wamo humu ukumbini.