Kuzikinga Mboga Wakati wa Kiangazi: Baridi ya Nyanda za Juu na Ukavu wa Pasiansi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzikinga mboga na baridi kali. Nitangulize msimamo wangu: hapa Pasiansi, Mwanza, baridi haiui mboga. Usiku wa Julai tunaongeza shuka, ni kweli, lakini joto la usiku kwa kawaida hukaa karibu na nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, na maji huganda kwenye nyuzi 0. Kinachotumalizia bustani kati ya Juni na Septemba ni ukavu: jua, upepo na ukosefu wa maji. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu siku hizi mafunzo ya kilimo yanatufikia kwa simu kutoka nchi zenye theluji, na mkulima anafunika kitalu chake kwa nailoni kama alivyoona Ulaya. Chini ya nailoni iliyofungwa, jua la saa sita la Mwanza hupandisha joto kupita nyuzi 40. Miche iliyosalimika na joto huchukuliwa na ugonjwa wa kinyausi kwa sababu ya unyevu uliofungiwa humo ndani.

Hata hivyo baridi inayogandisha ipo nchini mwetu, na tukielewa inavyofanya kazi tutaelewa pia kwa nini sisi tumenusurika.

Sakitu ya nyanda za juu

Uwanda wa Kitulo, kule Makete, uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, anga linapokuwa jeupe bila wingu na upepo umetulia, ardhi hutoa joto lake la mchana kwenda angani. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huteremka na kujikusanya mabondeni. Alfajiri majani yamefunikwa na sakitu. Maji yaliyomo ndani ya jani yakiganda hupasua chembechembe zake, na jua likipanda jani la kiazi hulala na kuwa jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto. Kenya nayo inalijua janga hili. Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai ya Kericho na Nandi.

Mkulima wa nyanda za juu ana njia zake za kujikinga. Hapandi viazi, maharage wala nyanya kwenye bonde ambako hewa baridi hutuama. Huacha bonde kwa kabichi, karoti na sukuma wiki, ambazo huvumilia sakitu nyepesi. Humwagilia mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko udongo mkavu. Jioni hufunika miche kwa nyasi au kitambaa, na asubuhi hufunua. Wako wanaochoma takataka ili moshi utande juu ya shamba, lakini moshi hauzuii joto linalotoka ardhini, na mimi nisingemshauri mtu apoteze muda wake.

Sisi tunalindwa na ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji mengi kiasi hicho hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Usiku, nchi kavu ikipoa, ziwa bado lina joto. Tena tuko kwenye mwinuko wa mita 1,140 tu, na miamba iliyotuzunguka hutunza joto la mchana.

Adui wa Pasiansi

Udongo wetu mwingi umetokana na miamba hiyo hiyo. Ni luseni, mchanga mwepesi usiokaa na maji. Ukimwagilia asubuhi, jioni umekauka. Mchana hupita upepo mkavu wa kusini mashariki, alasiri upepo wa ziwani, na zote mbili hunyonya maji ya majani. Ukavu huo pia huleta utitiri mwekundu na inzi weupe kwenye nyanya, mbali na mdudu kanitangaze tunayepambana naye tangu alipoingia nchini mwaka 2014.

Jibu rahisi lingekuwa kuteremka na kulima ufukweni. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mimi naiunga mkono. Dawa tunayopulizia chainizi ikiingia majini inarudi kwenye ndoo zetu na kwenye sato tunaowanunua. Kwa hiyo bustani ibaki juu, na maji tuyabebe. Na maji yaliyobebwa kwa ndoo hayafai kumwagwa kwenye udongo ulio wazi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi. Matandazo ndiyo kinga ya kwanza ya bustani ya Pasiansi, kabla ya neti na kabla ya dawa. Tandaza nyasi kavu, majani ya migomba au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Pumba tunazo, maana mpunga unalimwa Magu, Misungwi na Sengerema. Zilowanishe kwanza ili upepo usizichukue. Najua mtasema nyasi zinaita mchwa, na ni kweli. Mchwa hupenda nyasi kavu zilizogusa shina, ndiyo maana nafasi ile ni ya lazima, na matandazo yenyewe yapate maji. Magugu maji nayo hufaa yakikaushwa kabisa juani, lakini yasichukuliwe karibu na mitaro ya maji machafu ya jiji.

Jambo la pili ni umbo la kitanda. Masika tunainua matuta ili maji yatoke. Kiangazi wengi wetu tunaendelea na matuta yale yale, na maji yanateremka pembeni mmea ukiyatazama. Mpunga umetufundisha majaruba: fanyeni majaruba madogo ya mchicha na chainizi, kitanda kikiwa chini ya usawa wa njia, kila tone libaki kwenye mizizi.

Kitalu kinahitaji kivuli. Kichanja cha fito na nyasi chenye kimo cha mita moja kinatosha. Aliye na uwezo atumie neti inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, punguza nyasi kidogo kidogo ili miche izoee jua, kisha hamisha jioni. Upande wa upepo panda mstari wa mbaazi au mabingobingo. Mwagilia asubuhi na mapema, chini kwenye shina, kwa sababu jani likilala na maji hukaribisha ukungu.

Mboga zikizidi wakati wa mvua, tuzikaushe. Wazee wetu wa Usukumani walipika majani ya kunde, wakayaanika, wakala nsansa hadi mvua nyingine. Hiyo nayo ni kinga, na inasikitisha kuona vijana wengi wakiiacha.

Ombi langu kwa maafisa ugani wa Ilemela ni kwamba mafunzo yenu ya kiangazi yaanze Mei, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika, na yaanzie kwenye matandazo. Kwenu wakulima: Mei hii, kila mmoja atandaze kitanda kimoja na kuacha kingine wazi, ahesabu ndoo zinazotumika kwenye kila kimoja, na Agosti tukutane hapa tulinganishe.