Nani Ashike Daftari: Kuratibu Urejeshaji wa Hali Baada ya Maafa



Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima Hanang, Tanzania, iliyokuwa imeshiba maji ya mvua ilimeguka. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba miamba ya mahali pale ni dhaifu, ikanyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vikateremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Waliochimbua tope kwanza walikuwa majirani kwa majembe na mikono mitupu, kisha wakaja wanajeshi, Msalaba Mwekundu na waganga. Kazi hiyo ya kuokoa tunaifahamu na tunaiheshimu, na walioifanya wanastahili heshima hiyo. Mimi nataka tuzungumzie siku zinazofuata, pale maiti wameshazikwa, kamera zimeanza kuondoka, na mama mwenye watoto wanne amelala kwenye godoro jipya ndani ya darasa ambalo mwezi ujao litahitajiwa na wanafunzi.

Darasa hilo linatosha kutuonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Waliokosa makazi Hanang walihifadhiwa shuleni, kama inavyofanyika karibu kila mahali, kwa sababu shule ndilo jengo imara lenye nafasi, vyoo na uwanja. Desemba ni mwezi wa likizo. Januari kengele inagongwa. Afisa elimu anataka madarasa, afisa ustawi wa jamii hana pa kuwapeleka watu, afisa ardhi anasema viwanja havijapimwa, na shirika lenye mahema limeshayapeleka kata nyingine kwa sababu ndiko lilikoombwa kwanza. Kila mmoja wao anatimiza wajibu wake. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye haki ya kusema: mahema yaje hapa, kaya hizi zihame Jumanne, upimaji uanzie kule. Hoja yangu ni kwamba kurejesha hali hufaulu au huharibika ndani ya wiki mbili za kwanza, na kinachoamua ni nani anashika daftari la kaya zilizoathirika na ana mamlaka gani mbele ya kila anayekuja na msaada. Nadai pia kwamba daftari hilo linapaswa kuwa moja, liwe la halmashauri, na lisomwe hadharani.

Tuanze na Kagera. Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa huo na kusikika hadi Uganda na Rwanda. Watu 17 walifariki, zaidi ya 400 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa na maelfu ya nyingine zikapasuka kiasi cha kutokalika. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka hadi zikafungwa kwa muda. Mvua za vuli zilikuwa mlangoni. Watu walilala chini ya maturubai kwenye vibanja vyao, katikati ya migomba, na hawakuwa tayari kuhama, maana kibanja cha Mhaya kina nyumba, chakula na makaburi ya wazee wake. Michango ilimiminika kutoka kwa wananchi, makampuni, balozi na viongozi wa dini. Na hapo ndipo swali moja lilipoachwa bila jibu kwa miezi mitatu na zaidi: fedha hizi ni za nani?

Wachangiaji wengi waliamini wanamsaidia mwenye nyumba iliyoanguka. Mwenye nyumba naye aliamini hivyo. Mapema Januari 2017 Rais Magufuli alifika Kagera akasema waziwazi kwamba serikali haitawajengea wananchi nyumba, na kwamba kilichopo kitaelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Kabla ya hapo, mwezi uleule wa tetemeko, zilikuwa zimezuka tuhuma kuhusu akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la kamati ya maafa, na viongozi wakaondolewa kazini. Msimamo wa Rais una hoja nzito ndani yake. Nyumba zaidi ya 2,000 ni mzigo ambao mfuko wa michango hauwezi kuubeba, na shule au zahanati inawahudumia wengi. Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada wa serikali ya Uingereza pia, na leo wanafunzi wanasoma pale. Ninachokilaumu ni wakati jibu lilipotolewa. Jibu hilohilo lingetolewa wiki ya pili ya Septemba, mwananchi angejua kwamba nyumba ni juu yake, angekusanya mabati yake kabla ya mvua kukolea, na mchangiaji aliyetaka kumfikia mwenye nyumba angetafuta njia nyingine. Miezi ya kusubiri ilikuwa hasara yenyewe, na hasara hiyo haikusababishwa na ardhi kutikisika.

Miaka saba baadaye, nchi ileile ilitoa jibu tofauti kabisa. Hanang serikali iliamua kujenga nyumba za kudumu kwa waliopoteza zao, eneo la Waret likatengwa, na kufikia Desemba 2024 nyumba 109 zilikuwa tayari kukabidhiwa, baadhi yake zikiwa zimejengwa na Msalaba Mwekundu. Mtu atasema mara moja kwamba 109 ni chache na maelfu ya Kagera ni mengi, na kweli hapo kuna tofauti kubwa ya ukubwa wa kazi. Lakini idadi haielezi kila kitu. Hanang uamuzi wa nani anajengewa, wapi na nani mjenzi ulitoka mapema, ukatangazwa, na wajenzi wote wakaelekezwa kwenye eneo moja. Hata hivyo mwaka mzima ulipita kati ya tope na funguo, na kwa familia iliyokuwa ikilima na kufuga, mwaka ni msimu mzima wa mahindi na maharage. Nyumba ikichelewa kwa sababu za ujenzi, inaeleweka. Mbegu ikichelewa wiki tatu, mwaka umekwisha. Ndiyo maana daftari ninalolizungumzia lazima lioneshe zaidi ya nyumba: shamba lipo au limefunikwa, mifugo imebaki mingapi, kibanda cha biashara kilikuwa wapi, mtoto anasoma darasa la ngapi, nani anatumia dawa kila siku.

Wenzetu waliokutana na maafa makubwa kuliko yetu wanatupa ushahidi wa pande mbili. Baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, Haiti ilipokea mashirika yasiyohesabika. Mikutano ya uratibu wa kimataifa ilifanyika ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege wa Port-au-Prince, nyuma ya geti lenye walinzi, na mara nyingi kwa Kiingereza, katika nchi ya Kikreoli na Kifaransa. Diwani au kiongozi wa mtaa alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuingia, seuze kusikika. Aprili mwaka huo iliundwa tume ya muda ya kurejesha hali, ikiongozwa kwa pamoja na Waziri Mkuu Jean-Max Bellerive na Bill Clinton. Kabla mwaka haujaisha wajumbe wa Haiti wenyewe walilalamika kwa maandishi kwamba wamewekwa pembeni. Muda wa tume ukamalizika Oktoba 2011. Mikutano ilikuwa mingi mno. Kilichokosekana ni chombo cha Wahaiti ambacho mfadhili angelazimika kukiuliza kabla ya kumwaga matofali.

Aceh, Indonesia, ilianza vibaya hivyohivyo baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Mamia ya mashirika yalifika, kila moja na bendera yake, na wavuvi wakapewa boti ambazo nyingi hazikufaa kwenda bahari kuu, kwa sababu aliyezitoa alitaka kuonesha idadi ya boti, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kumuuliza mvuvi anatumia boti ya namna gani. Aprili 2005 serikali iliunda wakala maalumu wa ujenzi mpya, BRR, chini ya Kuntoro Mangkusubroto, mwenye hadhi ya waziri na anayewajibika kwa Rais moja kwa moja. Makao yake yaliwekwa Banda Aceh kwenyewe, mbali na Jakarta. Kila mradi ulipaswa kusajiliwa. Wakala uliweza kusema mradi huu uhamie kijiji kile, au usifanyike. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu na lawama zilikuwa nyingi, za haki. Lakini wakala ulipofungwa mwaka 2009, kama sheria ilivyopanga tangu mwanzo, nyumba zaidi ya 130,000 zilikuwa zimejengwa. Nguvu ya kukataa msaada usiofaa ndiyo iliyofanya msaada unaofaa ufike.

Kwa hiyo nashawishika kwamba uratibu bila mamlaka ya kukataa ni mikutano tu. Hapa kwetu msingi wa kisheria upo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kinachobaki ni kuipa kamati ya wilaya kitu cha kushika mkononi: daftari moja la kaya, lililojazwa kitongoji kwa kitongoji na mtendaji wa kijiji pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na kanuni kwamba hakuna shirika, kampuni wala taasisi ya dini itakayogawa vitu vya kudumu kwa kaya isiyo kwenye daftari hilo. Chakula na blanketi za siku za kwanza ziende bila masharti. Mabati, mbegu, mifugo, fedha za mtaji na viwanja vipite hapo.

Najua pingamizi la kwanza, na ni zito: kuandikisha kunachelewesha, na aliyelowa hawezi kusubiri fomu. Ni kweli kama kazi inaanza upya baada ya maafa. Lakini kijiji chetu kina rejesta ya wakazi tayari, na kitongoji kina mwenyekiti anayejua nyumba ya nani iko wapi. Kuandika kaya za vitongoji vichache ni kazi ya siku chache, nayo inaweza kufanyika wakati uokoaji ukiendelea. Kinachochelewesha ni kila shirika kuja na fomu yake, kumuuliza mjane yuleyule maswali yaleyale kwa mara ya sita, kisha kwenda kuandika ripoti Arusha.

Pingamizi la pili linasemwa kwa sauti ya chini, nami nitalisema kwa sauti ya kawaida: viongozi wa chini wataandika ndugu zao. Watatokea. Nani anayeyafahamu maisha ya vijijini atakana? Lakini orodha inayotengenezwa na mgeni mjini nayo ina majina hewa, ila hakuna anayeweza kuyagundua. Orodha ikisomwa jina kwa jina kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa ukutani ofisini kwa mtendaji, majirani watasema huyu nyumba yake ilianguka miaka mitano iliyopita, na yule mmemsahau. Majirani hukosea na huchukiana pia, kwa hiyo lazima pawepo rufaa kwa kamati ya wilaya ndani ya siku zinazojulikana. Utaratibu huo haumalizi upendeleo. Unauleta mahali ambapo unaweza kupingwa.

Wafadhili nao watasema hawawezi kuiachia halmashauri fedha kwa sababu ya masharti ya ukaguzi. Hilo halipingani na ninachopendekeza. Fedha zinaweza kubaki kwa mfadhili na mkaguzi wake. Halmashauri inataka kauli juu ya nani, wapi na lini. Mfadhili asiyekubali hilo anaomba uhuru wa kuchagua waathirika anaowapenda, na sioni kwa nini umma umpe.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa wapangaji. Katesh ni mji, na mjini wengi hulala kwenye vyumba vya kupanga. Nyumba ikisombwa, mwenye nyumba huandikwa kwa urahisi kwa sababu ana kiwanja na jirani anamjua. Aliyepanga chumba, aliyekuwa na cherehani na mtaji wa vitenge kumi, hupotea kwenye hesabu, kwa kuwa hakuna nyumba ya kumjengea. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamke ambaye ardhi imeandikwa kwa jina la marehemu mume wake, na shemeji zake ndio wanaojibu mtendaji akipiga hodi. Daftari likiandikwa kwa kufuata nyumba, hawa hawamo. Likiandikwa kwa kufuata watu, wakiulizwa mmoja mmoja usiku ule walilala wapi na kesho yake wangeamkia kazi gani, wanaonekana. Gharama yake ni kubwa kidogo, saa moja zaidi kwa kila kaya pengine. Fomu ya namna hiyo inaweza kuandaliwa mwezi huu, kabla ya masika, na Idara za Jiografia, Sosholojia na Sheria za chuo kikuu chetu, ikajaribiwa kwenye kata moja iliyo chini ya mlima au kando ya mto, pamoja na mtendaji wake na wenyeviti wa vitongoji vyake, na nakala yake ikaachwa ofisini kwa mkurugenzi wa halmashauri ikiwa tupu, imeshapigwa mhuri.