Tufe la Kidijitali na Mabonde ya Westlands
Mada juu ya kufuatilia maafa ya kimaumbile

Mada niliyopewa katika semina hii hapa Westlands ni kufuatilia maafa ya ulimwengu mzima kwa tufe la kidijitali, yaani ile sura ya dunia izungukayo katika kioo cha kompyuta, nami nitaieleza kwa madhumuni mamoja, nayo ni kubainisha kwamba chombo hiki, pamoja na uwezo wake mkubwa, hakitawafaa watu waishio kando ya mito yetu mpaka watu hao wenyewe wakipe akhbari.

Kwanza tukiri fadhila zake. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, ikavunja marikebu bandarini, zikiwemo za Sayyid Barghash bin Said aliyekuwa ameketi katika enzi kwa muda usiotimia miaka miwili, ilhali Pemba ilisalimika. Na kwa kuwa waya wa simu wa chini ya bahari haukufika Unguja mpaka mwaka 1879, msiba ule ulikuja bila ya onyo, na habari zake zikaenda nje kwa mwendo wa vyombo vya baharini. Lakini mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa bado mbali katika Bahari ya Hindi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikikifuata saa kwa saa, mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kukiona kikijiviringisha kuelekea Mafia, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa kabla mawimbi hayajapanda. Anayeishi pwani hahitaji kuelezwa thamani ya siku mbili za tahadhari.

Fikra ya tufe la namna hii ilinadiwa na Al Gore, Makamu wa Rais wa Marekani, katika hotuba yake ya Januari 1998, na mwaka 2005 Google Earth ikalifikisha mikononi mwa raia wa kawaida. Mwaka huohuo, kimbunga Katrina kilipoigharikisha New Orleans, watu waliokuwa wamehama walitazama humo picha za paa za nyumba zao. Vinavyolilisha tufe hili ni vingi. Ziko setilaiti za hali ya hewa zilizo juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi, zisizobanduka mahali pake, zikipiga picha ya Afrika kila robo saa au chini ya hapo. Ziko zizungukazo kwa kupita karibu na ncha za dunia, kama vile Terra ya mwaka 1999 na Aqua ya mwaka 2002, zinazohisi joto la moto. Ziko za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, zinazoona kupitia mawingu hata usiku. Na kuna mitambo ya kupimia mitetemeko ya ardhi, ambayo hutangaza tetemeko la Chile au la Japani dakika chache baada ya kutokea. Shirika la NASA hukusanya habari hizo na kuzipanga kwa aina, moto, tufani, volkano na mafuriko, kila moja kwa tarehe yake, latitudo yake na longitudo yake, nayo huonekana juu ya tufe kama nukta.

Lakini nukta iliyo juu ya tufe haisemi yote. Katika majira makavu, kuanzia Juni, kusini ya Kongo na Angola hujaa nukta nyekundu za moto. Na Agosti 2019, dunia ilipokuwa ikililia pori la Amazon, wako waliotazama nukta hizo wakadhani Afrika yote inateketea, ilhali nyingi zilikuwa ni moto wa wakulima wasafishao mashamba. Setilaiti hupima joto, na haina namna ya kujua kama moto ule umewashwa na mkulima kwa hiari yake au unaunguza kijiji.

Sasa tuje kwetu. Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita baina ya Kangemi na Kawangware, ukashuka Chiromo, ukapita chini ya Museum Hill, kisha ukaelekea Gikomba na Dandora hadi kuungana na Mto Athi, ambao watu wa pwani huuita Galana, na mwishowe Sabaki, unaomwaga tope lake jekundu baharini karibu na Malindi. Tope hilo laonekana wazi kutoka angani. Hivyo tufe laweza kutuonyesha mawingu yakikusanyika juu ya Kikuyu na udongo wa bara ukitia rangi bahari ya Malindi, yaani mwanzo wa mambo na mwisho wake. Lakini daraja la Chiromo, ambapo mto una upana wa mita chache tu na maji hupanda na kushuka katika usiku mmoja, huenda likafunikwa lisionekane kabisa. Setilaiti ya rada hurudi mahali pamoja baada ya siku kadhaa, na katika mji wenye kuta ndefu mwangwi wake huchanganyika hata maji yasitofautishike na lami.

Masika ya mwaka 2024 yalitufundisha jambo hili kwa uchungu. Watu zaidi ya 200 walikufa katika nchi hii ya Kenya, na wakazi wengi wa mtaa wa Mathare walipoteza nyumba. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya kalvati lake kuzibwa na magogo na matope, yalilivunja tuta hilo na kuwafagia watu usingizini. Mvua ile ilionekana angani. Kalvati lililoziba lingeweza kuonwa na mtu tu, aliyesimama pale kwa miguu yake.

Wala si jambo geni kwa Nairobi kuifundisha dunia namna ya kukusanya ushahidi wa mtu aliye mahali penyewe. Programu ya Ushahidi iliundwa na Wakenya na rafiki zao mwezi wa Januari 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi, ili raia waandike kwenye ramani waliyoyaona. Na Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, programu hiyohiyo ilipokea ujumbe mfupi wa simu kutoka Port-au-Prince, Wahaiti walio ughaibuni wakaufasiri kutoka Kikrioli, na waokoaji wakapata kujua ni mtaa upi wenye watu wanaoomba msaada. Ramani ile haikuwa tufe, wala haikuwa na mapambo. Ilikuwa na habari, na mimi naihesabu kuwa bora kuliko matufe mengi mazuri niliyoyaona.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kabla ya masika yajayo, nguzo za madaraja ya Kangemi, Chiromo na Museum Hill zipigwe mistari ya rangi kwa kila sentimita 20. Wanafunzi wa shule zilizo karibu wasome kina cha maji kutoka juu ya daraja kila asubuhi, na wazee wa mtaa wakague makalvati kila wiki. Mvua kubwa ikinyesha, asisogee mtoto mtoni, bali asome mtu mzima aliyeteuliwa. Na tarakimu hizo zipelekwe kwa simu kwa chifu, kwa kamati ya maafa ya wadi, na kwa Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, ziwekwe katika ramani iliyo wazi kwa wote. Karatasi ya majina ya madaraja iko mezani hapa mbele. Nawaomba wenye kujitolea wajiandikishe kabla hatujaondoka ukumbini.