Si Kila Maumivu ya Viungo ni Baridi Yabisi

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)

Ndugu zetu, leo tuzungumze juu ya viungo. Hatuna maana ya viungo vya pilau. Hivyo akina mama wanavijua kuliko sisi. Tuna maana ya viungo vya mwili, yaani pale mfupa mmoja unapokutana na mfupa mwingine: goti, nyonga, bega, kiwiko, kifundo cha mguu, vidole.

Huku kwetu mtu akiumwa goti husema ana baridi yabisi. Akivimba vidole, baridi yabisi. Mtoto akichechemea, baridi yabisi hiyo hiyo. Jina ni moja, lakini magonjwa ni mengi, na kila ugonjwa una dawa yake. Mengine yanaweza kungoja mpaka mavuno yaishe. Mengine hayangoji hata kesho asubuhi. Ndiyo maana tumeona tuyatenganishe.

Kwanza tujue kiungo kilivyo. Ukichinja kuku, tazama ncha ya mfupa wa paja. Utaona kitu cheupe, kigumu kidogo, chenye kuteleza. Hiyo ni gegedu. Gegedu huzuia mifupa isisagane. Kiungo kina utando ndani yake, na utando huo hutoa ute. Kazi ya ute ni kama ya grisi kwenye ekseli ya baiskeli. Basi, gegedu inaweza kulika. Utando unaweza kuvimba. Na katika ule ute kunaweza kuingia kitu kisichotakiwa. Hapo ndipo magonjwa yanapoachana.

Tuanze na lile la wazee, ambalo ndilo tunaloliona zaidi. Gegedu imelika, kiungo kimechakaa. Mara nyingi ni goti au nyonga. Mzee akiinuka kwenye kigoda, goti linalia. Maumivu huja akitembea sana au akipanda mlima, na akipumzika hupungua. Asubuhi kiungo ni kigumu, lakini akijikongoja kidogo kinalegea, kwa kawaida kabla ya nusu saa kupita. Watu husema, "Ah, ni uzee tu." Hilo neno "tu" sisi hatulipendi. Uzito wa mwili huongeza mzigo juu ya goti. Kuumia zamani huchangia, na kazi ya kuchuchumaa na kubeba mizigo miaka mingi huchangia pia. Mambo hayo yana la kufanya. Mnene apunguze uzito. Ndoo ya maji ijazwe nusu, au iwekwe kwenye toroli. Kaa juu ya kiti, nyoosha mguu mbele, hesabu mpaka tano, ushushe. Rudia mara kumi, kila siku. Nyama za paja zikipata nguvu, goti linapata msaidizi. Na bakora? Wengi huishika upande wa mguu mbovu. Sivyo. Kama mguu wa kulia ndio unaouma, shika bakora kwa mkono wa kushoto.

Ugonjwa wa pili unafanana na huo kwa jina tu. Huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza mtu akiwa bado na nguvu zake, hata miaka thelathini au arobaini. Hupenda viungo vidogo: vidole vya mikono, vifundo vya mikono, nyayo. Hushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Mama anaamka asubuhi, hawezi kukunja ngumi. Hawezi kufunga kitenge. Saa nzima inapita, pengine zaidi, ndipo vidole vinalegea. Mwili wote umechoka kama aliyelima ekari peke yake, na bado hajashika jembe.

Nini kimetokea? Mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu walinzi hao wamekosea nyumba. Ni kama sungusungu waliomkamata mwenye boma badala ya mwizi. Wanaushambulia utando wa viungo, utando unavimba, na baada ya muda gegedu na mfupa vinaliwa. Mwisho vidole vinapinda. Hapo ndipo maneno ya uchawi huanza, na jirani mwenye ng'ombe wengi hutajwa! Ndugu zetu, hakuna mtu aliyemroga. Lakini jambo kubwa ni hili: kidole kilichokwisha kupinda ni vigumu kukirudisha, na uharibifu huo unaweza kuanza mapema, katika miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo, mtu aliyevimba viungo vidogo kwa wiki sita asiseme "itapita". Aende hospitali. Zipo dawa za kuwatuliza wale walinzi. Mojawapo huitwa methotreksati. Kwa ugonjwa huu hunywewa mara moja kwa wiki. Tunarudia: mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kunaweza kuua. Mama mwenye mimba, au anayetaka kubeba mimba, asiinywe, bali amweleze daktari mapema.

Sasa jongo. Huu ni rahisi kuutambua, maana unakuja kwa fujo. Mtu amelala mzima, usiku wa manane anaamka anapiga kelele. Mara nyingi ni kidole gumba cha mguu: kimevimba, kina moto, hata shuka likikigusa anaruka. Baada ya siku kadhaa kinapoa, naye anasahau. Halafu kinarudi. Katika damu kuna taka iitwayo asidi ya yuriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, inaganda kiunganini kama chembe za chumvi zenye ncha. Wanaume hushikwa zaidi. Wanawake hushikwa zaidi baada ya hedhi kukoma. Pombe huchochea, nyama nyingi na maini huchochea, unene na figo mbovu pia. Watu wengine huuita ugonjwa wa matajiri, lakini mtu wa kilabu cha pombe anaupata vile vile bila utajiri wowote. Dawa za kutuliza zipo, na zipo za kuzuia usirudi.

Upo pia ugonjwa wa viungo ambao jina lake limetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, walishikwa na homa kali na maumivu makubwa ya viungo, wakawa wanatembea wameinama. Wamakonde waliuita chikungunya, maana yake kile kinachomkunja mtu. Leo dunia nzima hutumia neno hilo la Kimakonde. Unaletwa na mbu anayeuma mchana. Homa huondoka baada ya siku chache, lakini viungo vinaweza kuuma kwa wiki au miezi. Dawa ya malaria haiutibu. Hata hivyo mtu mwenye homa apimwe malaria kwanza, maana huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Hapa tusimame kidogo, tuzungumze juu ya watoto. Mtoto hachakai viungo. Mtoto akikataa kukanyaga mguu, kiungo kimoja kimevimba, kina moto, naye ana homa, huenda kuna usaha ndani ya kiungo. Vijidudu vimeingia, na vinaweza kukiharibu kiungo kwa siku chache tu, au kuingia katika damu na kumwua mtoto. Usikande kwa maji ya moto. Usichue. Usichanje chale. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, akatolewe usaha na kupewa dawa ya kuua vijidudu. Hata mtu mzima ni hivyo hivyo.

Mwingine ni mtoto wa shule, miaka mitano mpaka kumi na mitano. Aliumwa koo. Wiki mbili au tatu baadaye goti linauma, kesho goti limenyamaza na kifundo cha mguu kinauma. Maumivu yanahama. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Viungo vitapona, wala havitaacha alama. Lakini ugonjwa huo unaweza kuharibu milango ya moyo, na miaka ya baadaye kijana anahema akipanda kilima kidogo. Mtoto huyo huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Mzazi asiikatishe kwa sababu tu mtoto anacheza mpira.

Na mtoto mchanga aliyevimba viganja na nyayo apimwe seli mundu.

Neno moja juu ya vidonge vya mnadani, vile vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina. Mtu anakunywa leo, kesho anacheza ngoma. Katika nchi kadhaa vidonge vya namna hii vilipopimwa vilikutwa vimetiwa dawa za jamii ya steroidi. Hospitalini dawa hizo hutolewa kwa kipimo na uangalizi. Ukizinywa ovyo uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inakuwa dhaifu. Na aliyezinywa kwa muda mrefu asiache ghafla, maana hilo nalo lina hatari. Avipeleke kwa daktari vilivyobaki, na karatasi yake.

Sasa ninyi mnajua kuandika. Kabla ya kwenda zahanati, chukueni daftari la kisomo, maana pale mbele ya mganga, na foleni iko nyuma, mengi husahaulika. Andika kiungo gani kinauma. Andika kilianza lini, na kama kilianza ghafla au polepole. Andika asubuhi kinachukua muda gani kulegea. Andika kama kuna homa, na kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuumwa hivyo. Chini kabisa andika dawa zote ulizokunywa, za dukani, za mnadani na za miti shamba. Usione haya kuziandika za miti shamba. Mganga anazihitaji ajue ni dawa gani akupe na ipi asikupe.